Mlima wa Kukodi: Friji Lenye Kufuli

"Mama watoto, hebu sema tena. Sikusikia vizuri."

Alisikia vizuri sana. Bwana Kampeni alisikia kila neno. Alikuwa anatumaini tu kwamba akiulizwa mara ya pili, mkewe atabadilisha.

"Nasema gauni la bibi harusi limo ndani ya friji la mama! Lile friji ulilolibeba asubuhi bila kumuuliza mtu. Umelipeleka wapi?"

Msomaji uliyekuwa nasi wiki iliyopita unajua lilikopelekwa, na najua umeninunia wiki nzima kwa kukuacha pale. Wewe uliyechelewa sogea hapa nikupashe haraka haraka, maana mashine imeshawashwa.

Serikali ilikuwa imeamua kwamba vifaa vyote vya umeme vilivyozeeka vikusanywe, visagwe, vitengenezwe upya. Jambo jema, nani alikataa? Gari la matangazo lilizunguka mitaani likipiga kelele: "Leta kifaa chakavu, okoa mazingira!" Watu walilisikiliza kwa adabu, kisha wakafunga madirisha.

Sababu ni kwamba mitaa ile haina kifaa kinachokufa. Televisheni iliyoungua inafanywa meza ya televisheni inayoonyesha. Maikrowevu mbovu inaficha mkate usiliwe na panya. Pale duka la dawa kuna kompyuta ambayo haijawahi kuwaka tangu ije, lakini wagonjwa wakiiona wanapata nafuu. Kampeni ilikaribia kilele chake ikiwa imekusanya pasi moja na nusu ya birika.

Mkurugenzi akaita kikao. "Waziri anakuja Jumamosi," alisema. "Nataka akute mlima."

Kutafuta mlima ilikuwa kazi ya Afisa Uhamasishaji, huyu wetu ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Kampeni kwa sababu hata akienda kununua nyanya anahutubia. Naye, masikini, akafanya kitu ambacho hakuna chuo kinachofundisha. Akakodi. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba vifaa vibovu kwa siku moja tu, huku akiapa kwamba jioni vitarudi mahali pake, tena vimefutwa vumbi. Kwa Mama mkwe hakumkuta mtu, kwani mama alikuwa ametoka kwenda kununua uzi. Friji lake bovu lilikuwa barazani, limefungwa kufuli. Bwana Kampeni akajiambia, ah, mama ni mama, nitamweleza baadaye.

Mpango ulikuwa Waziri aje, ahutubie, apigwe picha mbele ya mlima, aondoke. Badala yake Waziri aliikunja hotuba, akainyooshea kidole mashine ya kusaga iliyoletwa kwa mapambo, akatamka yale maneno tuliyoishia nayo: "Hotuba nimechoka nazo! Sageni sasa hivi, nione kwa macho yangu! Anzeni na vidogo, kisha mnisagie lile friji!"

Ndipo simu ikaita.

"Nimekuuliza, liko wapi?" mkewe alirudia.

"Lipo, lipo. Lipo mahali salama." Alilitazama. Watu wanne walikuwa wanalibeba kulipeleka kwenye mkanda wa mashine. "Lakini mama watoto, gauni kwenye friji? Gauni ni maziwa?"

"Mama ni fundi cherehani, unataka aweke wapi? Kabati lake linaingia mende. Friji bovu haliingii mende, haliingii vumbi, halifunguliwi na wanao wenye mikono ya siagi. Nguo zote za maana anaweka humo, wewe ni mkwe gani usiyajue haya?"

"Na harusi ni lini?"

"Kesho! Mama kalishona kwa mkono kifua chote, macho yamemvimba. Ndiyo mara ya kwanza watu wenye uwezo wamempa kazi. Likiharibika, hakuna atakayempelekea tena hata suruali ya kupunguza."

"Yuko wapi saa hizi?"

"Kapanda pikipiki, anakuja huko huko. Na nisikilize, baba watoto. Mengi nimekuvumilia. Ulipochukua redio ya chumbani ukaipeleka kwenye maonyesho, nilinyamaza. Gauni hilo likisagwa, usirudi hapa. Kalale na mashine yako."

Simu ikakatika.

Bwana Kampeni alikatiza mbele ya viti vya wageni akiwa ameinama, kama mtu anayepita mbele ya watu wanaotazama mpira. Alimfikia Mkurugenzi, mtu wa miwani myeusi hata ndani ya ofisi, akamnong'oneza sikioni.

"Mkuu, friji lisisagwe. Lina gauni la watu."

"La watu gani?"

"La mteja wa mama mkwe wangu. Friji ni lake."

Mkurugenzi aliendelea kutabasamu kuelekea kamera huku akizungumza kwa pembe ya mdomo. "Huyo mama mkwe ndiye anayekulipa mshahara?"

"Hapana, mkuu, lakini..."

"Gauni litashonwa jingine. Kazi haishonwi. Ukifungua mdomo wako, Waziri atajua kwamba mlima ni wa kukodi, na tukianguka tunaanguka wote, ila wewe utakuwa chini yangu. Rudi kakae. Piga makofi."

Mashine ikanguruma. Kwanza ilitiwa redio ndogo nyekundu, ikatafunwa ikatoka upande wa pili ikiwa kama ugoro. Watu wakashangilia. Ikafuata televisheni yenye kisogo kikubwa. Krrrak! Makofi tena. Lakini kwenye safu ya nyuma kinyozi mmoja alisimama, akashika kichwa kwa mikono miwili, akaangua kilio kwa sauti. Televisheni ile ndiyo iliyokuwa imebeba kioo cha kinyozini kwake.

"Yule bwana analia nini?" Waziri aliuliza.

"Uzalendo, Mheshimiwa," Mkurugenzi alijibu bila kupepesa. "Wananchi wameguswa sana na kampeni hii."

Waziri aliafiki kwa kichwa, naye akaguswa.

Bwana Kampeni alikuwa ameshatoroka kutoka kitini, yuko ubavuni mwa mashine, amemshika mkono mwendeshaji.

"Ndugu yangu, nisaidie. Iharibu kidogo."

"Niiharibu?" Mwendeshaji alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Mwenyewe si ataninyonga!"

"Mwenyewe si serikali?"

Mwendeshaji aligeukia pembeni, akaanza kukaza nati iliyokuwa imekaza tangu zamani. "Bosi, mimi nimeambiwa nisiseme na mtu. Toka hapo, mkanda unatembea."

Kweli ulikuwa unatembea. Friji la Mama mkwe, jeupe, lenye kutu miguuni na kufuli kubwa la shaba mlangoni, lilikuwa linajongea taratibu kuelekea kwenye meno, na meno yale hayakuwa na haraka. Bwana Kampeni aliona kama anayeingia mle ndani ni Mama mkwe mwenyewe, na miwani yake, na sindano mdomoni. Woga ulimpanda mpaka masikioni. Alikuwa anaipenda kazi yake, tusimsingizie. Aliipenda fulana yake ya kampeni, na kadi ya kuning'iniza shingoni, na kuitwa mbele. Lakini alimpenda mkewe zaidi ya fulana.

Akarukia kipaza sauti.

"Simamisha! Gesi! Jamani, gesi!"

Loo! Ungewaona wageni waalikwa. Viti vilipinduka. Mlinzi wa Waziri alimfunika Waziri, na Mkurugenzi akajifunika kwa mlinzi. Mwendeshaji akabonyeza kitufe kwa furaha ambayo sasa hivi hatuielewi, ila tutaielewa. Mkanda ukasimama, mlango wa friji ukiwa umebakisha kitambo kidogo kufika kwenye meno.

"Gesi ipi?" sauti ya Waziri ilitokea chini ya kwapa la mlinzi.

"Mheshimiwa," Bwana Kampeni alisema huku jasho likimtoka, "jokofu la zamani lina gesi inayotoboa anga. Ukilisaga hivi hivi, gesi inapaa. Ni lazima itolewe kwanza, kwa utaratibu."

Ajabu ni kwamba huo ulikuwa ukweli. Aliwahi kuusoma kwenye kipeperushi alichokigawa yeye mwenyewe na ambacho watu walifungia maandazi.

Waziri alitoka mafichoni, akajipangusa koti. Uso ulimng'aa. "Mmeona? Mmemsikia? Hawa ndio maafisa ninaowataka! Mtaalamu wa kuitoa hiyo gesi yuko wapi?"

Maafisa wote wakamtazama Bwana Kampeni.

"Ni... ni mimi, Mheshimiwa."

"Safi kabisa! Itoe, tuone. Kamera zisogee."

Kamera zikasogea. Bwana Kampeni alipanda kwenye mkanda, akapiga goti, akaweka sikio kwenye friji kama daktari. Akagonga juu. Akagonga chini. Akanusa. Mkurugenzi alikuwa anamtazama kwa macho ya kumfukuza kazi, ila miwani iliyaficha.

"Na kufuli la nini?" Waziri aliuliza.

"La usalama, Mheshimiwa. Gesi isitoroke."

"Ahaa. Andikeni hilo," Waziri aliwaambia waandishi, nao wakaandika.

Ndipo pikipiki ilipoingia uwanjani ikipiga honi, ikapita katikati ya wageni, ikasimama mbele ya jukwaa. Aliyeshuka alikuwa mama mfupi, mnene kiasi, futi ya kupimia imemning'inia shingoni, na kwenye futi ile umefungwa ufunguo. Hakumtazama Waziri wala kamera. Alimtazama mkwewe aliyepiga magoti juu ya mkanda.

"Shikamoo, mama," Bwana Kampeni alisema, na kipaza sauti kikaisambaza salamu uwanja mzima.

"Shikamoo yako iweke mfukoni. Shuka kwenye friji langu."

Minong'ono ikaenea. Mkurugenzi aliona mambo yanaharibika, akaruka mbele na tabasamu pana. "Mheshimiwa, huyu ndiye mama yetu aliyejitolea kutoa jokofu hili kwa hiari yake mwenyewe! Amekuja kushuhudia. Makofi kwa mama!"

Makofi yakapigwa. Mama mkwe aliyasubiri yaishe.

"Nani kajitolea?" aliuliza.

"Usione haya, mama," Waziri alisema, akamshika mkono huku akigeukia kamera upande wake mzuri. "Serikali haimsahau mzalendo. Leo hii, mbele ya watu wote, nakuahidi jokofu jipya. Jipya kabisa, la milango miwili! Wewe useme tu kwamba hili bovu umelitoa kwa moyo mweupe."

Uwanja ukapiga kelele. Kina mama wengine walianza kukumbuka mafriji yao na kujuta. Mkurugenzi alipumua. Hata Bwana Kampeni alihisi kamba imelegea shingoni. Mama mkwe angesema ndiyo, wote wangepona, na gauni wangelitoa kwa mlango wa nyuma. Mama sema ndiyo, alimwomba kimoyomoyo. Sema ndiyo, mama yangu.

"Hilo jipya linagandisha?" Mama mkwe aliuliza.

"Linagandisha mpaka mawe, mama!"

"Basi kaa nalo. Nguo haiwekwi kwenye barafu. Mimi nataka langu lililokufa."

Katika maisha yake yote ya siasa Waziri alikuwa hajawahi kukataliwa zawadi. Aliuachia mkono wa mama, akamgeukia Bwana Kampeni, na safari hii sauti haikuwa ya kwenye kamera.

"Afisa. Friji hili lililetwa, au lilichukuliwa?"

Mkurugenzi alikohoa. Mkono wake ulipita shingoni polepole, kama mtu anayerekebisha tai, ingawa tai haikuwa na tatizo.

Bwana Kampeni alimtazama Mama mkwe. Mama hakuwa anamwomba kitu. Wala hakuwa na hasira tena. Alikuwa amesimama tu na futi yake, mtu mzima aliyechoka, macho mekundu kwa kazi ya usiku, akimsubiri mume wa binti yake aseme yeye ni mtu gani. Na aibu aliyoisikia Bwana Kampeni pale haikuwa ya kusimuliwa.

"Lilichukuliwa, Mheshimiwa," alisema. "Mimi ndiye niliyelichukua. Sikumuuliza. Ndani yake kuna gauni la bibi harusi wa kesho, na hakuna gesi niliyokuwa naitoa. Na ile televisheni iliyosagwa ni ya kinyozi, hakuwa analia uzalendo. Mlima wote ni wa kukodi. Jioni ulikuwa unarudi kwa wenyewe."

Waandishi wakaandika na hilo.

Kisha kinyozi akapaza sauti: "Na yangu nirudishiwe!" Mwingine akadai maikrowevu yake. Mwenye duka la dawa akasema kompyuta yake ni mtambo wa hospitali. Watu wakauvamia mlima, kila mtu na maiti yake kichwani, na kwa muda mfupi uwanja ukabaki na pasi moja na nusu ya birika. Mkurugenzi aliona hiyo ndiyo nafasi nzuri ya kuzimia. Alijilaza taratibu kwenye kiti chenye mto, baada ya kukikagua.

Katikati ya vurugu hiyo Mama mkwe alipanda kwenye mkanda, akafungua kufuli. Gauni lilikuwa limening'inia pale penye rafu za zamani, jeupe, halina doa. Alipitisha vidole kwenye shanga za kifuani, mstari kwa mstari, akageuza mikono, akatazama pindo. Mabega yake yakashuka. Akafuta macho kwa ncha ya futi.

"Liko zima," alisema.

"Nisamehe, mama. Nimekukosea, na kazi yenyewe ndiyo imekwisha hivyo."

"Kazi zipo." Alimtazama usoni. "Nilimwambia binti yangu, huyu mwanamume ana maneno mengi, sijui kama kuna mtu ndani. Leo nimemwona. Haya, nishikie upande huu lisiburuzike, mwanangu."

Mwanangu! Miaka yote ya ndoa alikuwa "baba fulani", "yule bwana", na siku mbaya "mtu wa spika". Alilishika pindo la gauni kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, na kama angeulizwa wakati ule angesema hakuna cheo duniani kinachoshinda hicho.

Msomaji, ningekuwa mwandishi mwema ningeishia hapo, ukakunja gazeti ukaenda kulala. Lakini mtu mmoja hakuwa amekwenda nyumbani.

"Afisa." Waziri alimshika bega, akamvuta hadi nyuma ya mashine. Bwana Kampeni alifumba macho akisubiri kufukuzwa.

Waziri alikuwa anacheka.

"Mlima mzima kwa siku moja," alisema kwa sauti ya chini. "Vifaa vya mtaa mzima! Na hakuna aliyeuza siri mpaka ulipoisema mwenyewe. Unajua mashine hii inarudi kwa mwenyewe saa ngapi?"

"Inarudi...?"

"Jioni. Imekodiwa. Ulidhani ni wewe peke yako?"

Kumbe! Mwendeshaji, aliyekuwa anaifuta meno mashine yake kwa kitambaa, alimwinulia kidole gumba.

"Sasa nisikilize," Waziri aliendelea. "Mwezi ujao wafadhili wanakuja kukagua kiwanda cha kurejeleza taka za kielektroniki. Kile walichotupatia fedha tukajenga."

"Kiwanda kipo wapi, Mheshimiwa?"

"Ndicho ninachokuuliza wewe."

Waziri alimkung'uta vumbi begani.

"Yule Mkurugenzi wako anastaafu Jumatatu," Waziri aliongeza. "Yeye hajajua bado. Ofisi ina zulia, gari lina dereva. Nahitaji mtu mwenye kipaji. Unasemaje?"

Bwana Kampeni alifungua mdomo kukataa. Nakuapia, msomaji, aliufungua kwa nia ya kukataa kabisa. Ukweli alioutoa mbele ya watu ulikuwa bado una joto mdomoni. Lakini akaliwaza zulia. Akaiwaza kadi mpya ya shingoni, yenye picha kubwa zaidi. Akajiona ameitwa mbele, na neno likamponyoka kabla hajalikamata.

"Kiwanda chenyewe, Mheshimiwa... kiwe kinachotoa moshi, au kisichotoa moshi?"

Nyuma yake kukawa na mchakacho wa kitambaa kizito. Bwana Kampeni hakugeuka. Hakuthubutu.

"Endelea, Afisa," alisema Mama mkwe, gauni limemlala mkononi. "Hapo hapo kwenye moshi."